Barua kwa mwanangu: samaki wa Mt. Antoni, na ile redio

Mwanangu,

Meseji yako ya juzi nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu mpaka mama yako akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Umeandika, "baba, mjukuu wako kaniuliza kama kweli samaki walitoa vichwa majini wakamsikiliza Mt. Antoni, nimjibu nini?" Ulitaka ndiyo au hapana, na unajua fika kwamba ukiniuliza kitu unaletewa barua. Nivumilie, ndo baba uliyepewa.

Niliposoma mara ya tatu sikucheka. Maana aliyekusimulia habari ya wale samaki ni mimi, aliyemsimulia mwanao Krismasi ile mlipokuja ni mimi, na miaka yote ya ukatekista wangu nimesimama mbele ya watoto wa komunyo ya kwanza nikiwasimulia hivyo hivyo. Kwa hiyo hapo unaniuliza kama baba yako alikuwa anadanganya watoto. Usikatae. Haya, najibu hilo.

Ila nianze na samaki maana mtoto anasubiri. Antoni, yule mhubiri Mfransisko wa karne ya 13, kafika Rimini, mji wa pwani kule Italia, umejaa wazushi, yaani waliopinga mafundisho ya Kanisa, wale Wakathari, anahubiri watu wanampa mgongo. Basi akaenda pale mto Marecchia unapoingia baharini akaita samaki, njooni nyie msikilize Neno la Mungu maana watu wamekataa. Wakaja. Wadogo mbele karibu na ukingo, wa kati nyuma yao, wakubwa kwenye kina, vichwa nje wote na hakuna anayemsukuma mwenzake. Akawakumbusha walivyopona gharika bila kuingia kwenye safina, walivyomtunza Yona, Petro alivyotoa hela ya kodi mdomoni mwa mwenzao. Wakafungua midomo wakainamisha vichwa, na wale wazushi waliokuja kuchungulia wakapiga magoti.

Unakumbuka nilivyolisimulia hili siku ya sikukuu, kigango, lile kanisa letu dogo, kikiwa bado hakina paa, akasimama yule mzee mvuvi wa kule ng'ambo ya mwalo, Mungu amrehemu? Akasema, "Mwalimu, mi nimevua ziwa hili tangu ujana wangu, ukiona samaki wote wametoa vichwa juu, wakubwa kwa wadogo, ujue maji yameharibika chini, wanatafuta hewa. Kesho yake unawaokota wanaelea." Watu wakaangua kicheko mpaka wanakwaya. Na mimi badala ya kucheka nao nikakasirika, nikamjibu eti hao walikuwa samaki wa baharini siyo wa ziwani. Jibu la kijinga kuliko yote niliyowahi kutoa nikiwa nimevaa kanzu. Mpaka leo nikimbishia mama yako nikashindwa, ananiambia tu "haya, hao ni wa baharini" halafu anaondoka.

Sasa nikwambie ninachokijua, maana baada ya aibu ile nilienda kuazima vitabu kwa paroko na nimesoma tangu hapo. Antoni alizaliwa Lisbon, Ureno, jina lake la ubatizo Fernando, akafa tarehe 13 Juni 1231 pale Arcella nje ya Padua, akazikwa Jumanne tarehe 17, ndo maana Jumanne ni siku yake. Na tarehe 30 Mei 1232, mwaka haujatimia, Baba Mtakatifu Gregori wa 9 akamtangaza mtakatifu kule Spoleto. Hebu fikiria, hata mwaka! Kuna watu kwetu huku arobaini yao inapita bado tunabishana nani abaki na shamba. Na hawakumtangaza kwa maneno ya mitaani tu, watu waliitwa wakaapishwa wakahojiwa, na miujiza 53 ikasomwa hadharani. Mwaka huo huo mtawa mmoja Mfransisko, ambaye jina lake hakuliacha, akaandika kitabu cha kwanza cha maisha ya Antoni na ile miujiza akaiweka mwishoni.

Na samaki hawamo.

Nilirudia ukurasa kwa ukurasa. Kuna mwanamke kibyongo aliyenyooka kaburini siku ya mazishi. Kuna mtoto wa miaka minne, Paduana, anayetambaa na ana kifafa, baba yake kambeba mikononi, wamekutana na Antoni njiani akamfanyia ishara ya msalaba. Kuna viwete, vipofu, viziwi, karibu yote imetokea baada ya yeye kufa, watu wamelala pale kaburini wakaamka. Kuna mmoja nampenda sana, askari wa farasi anaitwa Aleardino, mzushi, yuko mezani na wenzake wanaomsifu Antoni, akachukua glasi akasema kama huyo mtakatifu wenu ataizuia isivunjike nitaamini, akaitupa chini kwenye mawe. Haikuvunjika. Nikisoma hapo huwa nawaza mwenye nyumba alivyojisikia akiona glasi yake inarushwa.

Lakini samaki hawamo, na yule nyumbu, mtoto wa punda na farasi, aliyepiga magoti mbele ya Ekaristi baada ya kushinda njaa siku tatu naye hamo. Hao wamekuja baadaye. Samaki kama ninavyowasimulia mimi, wamepangwa mistari kama watoto wa asembo, wako kwenye masimulizi ya Kifransisko ya karne ya 14, kama miaka mia moja tangu azikwe.

Unaona basi ningeweza kumaliza hapa, nikakwambia mwambie mtoto ni hadithi ya kufundishia, nikalala. Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye ukatekista anasema hivyo hivyo, yeye kwake kitu kisichokuwemo kwenye kitabu cha kwanza kimetungwa. Mi siwezi kusema hivyo. Na sababu siyo kwamba imani yangu ni kubwa kuliko yake. Ni kwamba najua hadithi ya muujiza inavyotengenezwa, kwa sababu na mimi nimetengeneza moja, na yangu ilikuwepo siku ya kwanza kabisa, mashahidi wote hai, na bado ilikuwa na kasoro.

Unajua nazungumzia nini. Redio.

Ulikuwa na miaka saba, mwaka 1998. Shilingi 180,000 za mabati ya kigango zilikuwa kwangu maana mweka hazina alikuwa msibani Mwanza. Watu walikuwa wametoa kwa tabu, mwingine kauza kuku, mwingine kauza dagaa debe zima. Mwishoni mwa Mei nafungua sanduku, hamna. Nilipindua nyumba ile mpaka magodoro nikayachana, mama yako analia, kaka yako anashikwa mikono anaulizwa, we umekaa kwenye kona umemshikilia Dada kiuno. Ndo msichana wetu wa kazi, jina lake silitaji, wote tulimwita Dada, na alikuwa mtoto tu, miaka kumi na sita, kumi na saba, kaletwa na shangazi yake kutoka Sengerema.

Tukaanza Jumanne tatu za Mt. Antoni, kumwomba Jumanne tatu mfululizo hela ipatikane. Jumanne ya kwanza, tarehe 2 Juni, kimya. Jumanne ya pili, tarehe 9, tumemaliza litania, mishumaa bado inawaka, nikasema, na nakumbuka neno kwa neno, "aliyechukua ajue kwamba Mtakatifu Antoni atamfuata mpaka kwao." Sikutaja mtu. Ila nilimwangalia. Mama yako aliona nilivyomwangalia, we uliona, na yeye aliona.

Asubuhi hayupo. Ile mishumaa ilikuwa bado imeganda pale mezani. Vitenge viwili alivyopewa na mama yako kaviacha vimekunjwa juu ya mkeka, na ndala zako alizokuwa anakushonea kwa waya kazimaliza kaziweka mlangoni. Aliondoka na meli ya alfajiri. Ulilia siku tatu, hukutaka kula kwa mkono wa mtu mwingine. Na mi nilisema, Mungu anisamehe, nilisema "unaona? mwenye hatia hukimbia bila kufukuzwa", na nikaona nimenukuu Maandiko vizuri.

Jumanne ya tatu, tarehe 16. Kaka yako ananisumbua redio imekuwa bubu na usiku Brazil wanacheza na Moroko, Kombe la Dunia kule Ufaransa. Nikamwambia ipeleke kwa fundi unipishe nisali. Haikupita saa fundi mwenyewe kaja nyumbani kabeba redio kifuani kama mtoto mchanga anacheka, "Mwalimu, redio yako imemeza hela." Kafungua mfuniko wa nyuma kakuta bahasha ya kaki imebanwa kwenye spika, imekata waya. Shilingi 180,000, hata mia haikupungua.

Ni mimi niliziweka. Nilikuwa na malaria, joto kali, klorokwini inaniwasha mwili mzima, usiku nikasikia mbwa wanabweka nikaogopa wezi, nikaamka nikafungua skrubu kwa kisu nikaficha. Asubuhi kichwa kimefutika. Hata sasa sikumbuki vizuri, naona tu mkono wangu na kisu, kama naangalia mtu mwingine.

Jumapili nikatoa ushuhuda. We ulikuwepo, umevaa lile gauni la njano. Nikasimulia hela zilivyopotea, Jumanne tatu, fundi, redio imemeza hela, watu wakapiga vigelegele, nikasema tena pale pale ninalosema siku zote, muujiza ni deni, sasa tulipe deni tuezeke. Tukaezeka. Paa lile lipo mpaka leo, na kila padre mgeni akija lazima mtu amwonyeshe juu amwambie hayo ni mabati ya Mt. Antoni. Nimeisimulia mwenyewe mara ngapi sijui. Kila neno ni kweli, mwanangu. Sikuongeza hata nukta. Ila Dada hayumo.

Kwa hiyo mtu akiniambia hadithi za watakatifu zimeongezewa chumvi, namwambia hilo la chumvi ni dogo, mi linanisumbua lililotolewa. Nikisoma ile miujiza 53 sa hivi nawaza nani hayumo. Aliyelala kaburini mwezi mzima akarudi kwao vile vile alivyokuja yuko wapi? Yule novisi, mtawa mwanafunzi, aliyeiba Zaburi ya Antoni, kitabu cha mkono chenye maandishi yake ya kufundishia, Antoni akasali na novisi akarudi nacho mbio, ndo maana sisi wote tukipoteza funguo tunamwita yeye. Vizuri, kitabu kimepatikana. Watu wamekaa miaka karibu 800 wanashangilia kitabu, na novisi tunamtaja kama mwizi tu.

Naweza kujibishana na mwenyewe hapa mpaka usiku. Upande mmoja nasema, hela ilikuwa kwenye redio muda wote, fundi angeikuta tu, Antoni hakufanya kitu, Brazil na Moroko ndo walifanya. Halafu nasema sawa, lakini kwa nini Jumanne ya tatu, kwa nini si wiki ijayo mweka hazina karudi na mimi nimeshawekwa ndani? Halafu narudi tena nasema, kama Antoni alikuwa anajua hela iko kwenye redio, si angesema Jumanne ya kwanza, Dada yupo? Hapo huwa nanyamaza. Mama yako anasema Mtakatifu Antoni alisema tangu siku ya kwanza, redio ilivyokuwa bubu ndo alikuwa anasema. Mwanamke huyu.

Nikuletee kisa kimoja halafu niache. Nilikuwa nawasimulia mkiwa wadogo mnaogopa, kile cha mguu. Kijana wa Padua, Leonardo, kaungama kwa Antoni kwamba amempiga mama yake teke. Antoni kwa uchungu akamwambia mguu unaompiga mzazi ulistahili kukatwa. Basi yule kijana, mwenye akili nyepesi na moyo mzito, kaenda nyumbani kachukua shoka kaukata mguu wake. Mama analia mpaka kwa Antoni, umeniulia mwanangu. Antoni akaenda mbio, akasali, akashika mguu akauunga, akafanya ishara ya msalaba, ukashika.

Niliwasimulia ili msitupige mateke mimi na mama yenu, ukweli ndo huo. Miaka yote nilidhani kisa kinahusu watoto wasio na adabu. Baada ya redio ndo nikasikia kingine. Aliyeukata mguu ule ni nani? Shoka alishika Leonardo, ila neno lilitoka kwa Antoni. Mtakatifu aliropoka! Katika kiti cha maungamo, kwa hasira ya haki, kasema neno moja zaidi, na mtu kaenda nalo nyumbani. Na hakukaa akajitetea kwamba sikumaanisha hivyo, sikutaja mguu wako. Alienda mbio mpaka kwenye ile nyumba.

Na mwaka 1263 walipofungua kaburi kuhamishia masalia kwenye basilika, Mt. Bonaventura yupo, mwili umekuwa vumbi na mifupa lakini ulimi umekutwa mzima, mwekundu. Uko Padua mpaka leo mahujaji wanaupitia kwa foleni. Ulimi, mwanangu. Wahubiri tunalipenda hilo, tunasema ni kwa sababu alihubiri vizuri. Labda. Mi nauogopa ulimi ule.

Mi nilienda Kigongo mwaka 2004, pale pa kuvukia kwenda Sengerema kwao Dada, sijawahi kuwaambia, mama yako tu ndo anajua. Nilikuwa na bahasha, na vile vitenge viwili mama yako alikuwa amevitunza. Nikafika kivukoni, nikakaa kwenye benchi, nikanunua karanga, nikaangalia kivuko kinajaza magari kinaondoka kwenda Busisi, kikarudi, kikaondoka tena. Jioni nikarudi nyumbani nikamwambia mama yako kivuko kilijaa. Hakikuwa kimejaa. Sasa hivi pale wameshajenga daraja, sina hata kisingizio hicho.

Huwa nawafundisha waumini ule mkate wa Mt. Antoni umetoka wapi. Mama mmoja Padua mtoto wake Tommasino, hajafika hata miaka miwili, kazama kwenye chombo cha maji nyumbani. Akamwomba Antoni, akaweka nadhiri kwamba mtoto akirudi atawapa maskini nafaka uzito sawa na wa mtoto. Mtoto karudi, na mama akampima, akalipa. Ndo maana nasema muujiza ni deni. Mi niliezeka kanisa nikadhani nimelipa, kumbe nilimlipa asiyenidai.

Haya, samaki. Mwambie mjukuu wangu hivi: babu anasema kwenye kitabu cha kwanza hawamo. Kwamba walioandika baadaye waliwaweka, na babu hajui waliwatoa wapi, ila babu amekaa kando ya maji maisha yake yote na ameona watu wakikataa kusikiliza kitu mbele ya uso wao mpaka unatamani ugeuke uongee na furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Kama aliwaita wakaja... mi nataka wawe walikuja, nimeshasema. Ila sikuwepo, na mara ya mwisho nilipokuwepo nilisimulia nusu. Mwambie pia na maneno ya yule mzee kuhusu hewa, usimfiche, halafu achague mwenyewe. Akichagua mzee, usimgombeze.

Halafu na mimi nina swali. Mwaka juzi ulipopiga simu ukasema umemwona mwanamke anauza dagaa pale mwaloni Kirumba, ukasema "baba kama siyo Dada basi ni pacha wake, alivyofunga kitambaa tu nikajua", mi nikakuuliza bei ya dagaa. Ulinijibu bei ya dagaa. Asante kwa kunijibu hivyo, nilielewa.

Bado anakaa pale? Usimwambie kitu, wala usimwombe namba. Angalia tu kama yupo na anafika saa ngapi, unijulishe. Vitenge bado viko sandukuni, mama yako kavianika jana bila mimi kumwambia kitu.

Msalimie mkwe, na mtoto mwambie babu anakuja.

Baba yako